Malalamiko kuhusu fundi wenu kuiruka swichi ya usalama ya hita ya maji

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

YAH: FUNDI WENU KUIRUKA SWICHI YA USALAMA YA HITA YETU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hita ninayoizungumzia ni ya tangi, ya kufungwa ukutani, yenye elementi moja (kile chuma kinachochemsha maji), na bado iko ndani ya muda wa dhamana. Ilianza kwa kuchemsha maji kupita kiasi, kisha inajizima yenyewe na haiwaki tena mpaka kitufe chekundu cha swichi ya usalama (ile inayokata umeme maji yakizidi moto), kilicho ndani ya kifuniko, kibonyezwe. Nilipopiga simu kwenu niliyaeleza haya yote, hasa hilo la maji kuwa moto mno kabla hita haijazima.

Fundi mliyemtuma hakuja na mita. Alifungua kifuniko, akabonyeza kitufe, akaona taa inawaka, akaondoka. Hita ilipozima tena alirudi akafanya vilevile. Mara ya mwisho alikaa zaidi kidogo, akafunga kifuniko na kutuambia imepona, haitazima tena. Akaongeza kwamba ikisumbua tununue mpya.

Kweli haikuzima. Mama yangu, ambaye ni mtu mzima sana, alifungulia bomba ajaze ndoo, maji yakatoka yakifoka mvuke. Mkono wake ulikuwa mbali na bomba, ndiyo maana leo nawaandikia barua ya malalamiko tu. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima ndani ya sekunde chache. Haya yalikuwa yamepita hapo kwa mbali.

Nilizima umeme wa hita kwenye swichi kuu, nikamwita fundi umeme mwenye leseni. Alipofungua alikuta nyaya mbili za swichi ya usalama zimechomolewa na kuunganishwa pamoja, zikazungushiwa utepe mweusi. Picha nimeambatanisha. Kisha akapima. Elementi ni nzima: ni ya wati 3,000 kwa volti 230, na mita ilisoma omu 17 na ushei, kama inavyotakiwa. Haivujishi umeme kwenye bodi ya tangi. Kilichokufa ni themostati, yaani kifaa kinachokata umeme maji yakifika joto lililowekwa. Ncha zake za ndani zimeungua zikagandana, kwa hiyo umeme haukatiki hata maji yakiwa moto kiasi gani.

Yaani swichi ile ilikuwa inafanya kazi yake. Kila ilipozima ilikuwa inasema themostati haikati, na fundi wenu akainyamazisha badala ya kutafuta sababu. Tangi hilo limefungwa na lina shinikizo. Ndani yake maji yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuwa mvuke, na chombo kikipasuka yanageuka mvuke kwa mara moja. Baada ya kazi ya fundi wenu, kinga pekee iliyobaki kati ya familia yangu na hatari hiyo ilikuwa vali ya kutoa shinikizo. Hiyo nayo hakuigusa wala kuikagua.

Nilipowasiliana nanyi mkanijibu kwamba dhamana imefutika kwa sababu hita imefunguliwa na mtu asiye wenu. Jibu hilo silikubali. Aliyeharibu mpangilio wa nyaya ni mtu mliyemtuma ninyi, na karatasi zake za kazi mnazo. Huyo wa pili alipima tu, hakubadilisha kitu.

Ninachotaka ni themostati mpya na swichi ya usalama mpya, zifungwe na fundi anayepima kabla ya kufunga na baada ya kufunga, akague na vali pia, kwa gharama zenu. Nataka pia maelezo ya maandishi kuhusu kilichofanyika. Na kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hita yangu: rudini kwenye kila nyumba ambayo fundi huyo ameshughulikia hita inayojizima, mkafungue vifuniko mwangalie. Watu hao wanaoga wakiamini wametengenezewa.

Hita yetu imezimwa na haitawashwa mpaka kazi hiyo ikamilike. Nasubiri jibu lenu kwa maandishi.

Wenu,
Mteja