Programu ikianguka wakati wa kunakili, kuisakinisha upya si dawa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ushauri ambao ukurasa wenu wa teknolojia ulimpa msomaji aliyelalamika kwamba programu yake ya kuandikia hujifunga ghafla kila anapobonyeza Ctrl na C. Aliambiwa aifute na kuisakinisha upya. Nimesaka hitilafu za programu za aina hiyo kwa miaka kadhaa, na sikumbuki dawa hiyo kuponya ugonjwa wa kunakili, kwa kuwa toleo lilelile hurudi na kosa lake lilelile.

Wengi hudhani kunakili ni kuyachukua maneno na kuyaweka mahali, basi. Kumbe programu huandaa maumbo kadhaa ya kitu kimoja kwa ajili ya ubao wa kunakili, yaani mahali ambapo kompyuta huweka kilichonakiliwa hadi kibandikwe: maandishi matupu kwa programu isiyojua rangi wala herufi nzito, HTML kwa barua pepe na kurasa za wavuti, RTF kwa programu nyingine za kuandikia, na pengine picha. Hitilafu ikiwa katika utengenezaji wa umbo moja tu, inatosha kuiangusha programu nzima. Isitoshe, katika Windows programu inaruhusiwa kutoa ahadi tu, kisha ikatengeneza data yenyewe pale mtu anapobandika. Ndiyo maana mtu hunakili salama, programu ikaanguka dakika kumi baadaye anapobandika kwingine, naye akaapa kwamba kunakili hakuhusiki.

Niliwahi kuletewa hati ya kurasa 200 iliyokuwa ikiiangusha programu kila ilipochaguliwa yote na kunakiliwa. Mwenyewe alikuwa ameshasakinisha upya mara tatu. Niliigawa nusu kwa nusu, nikajaribu kunakili kila nusu, na ile iliyoleta balaa nikaigawa tena. Baada ya kugawa mara nane nilibaki na kipande kisichofika ukurasa mmoja, ndani yake jedwali dogo ambalo visanduku viwili vya mstari wa chini vilikuwa vimeunganishwa kuwa kimoja. Sehemu inayotengeneza HTML ilihesabu visanduku vya mstari wa juu, ikateremka chini kutafuta idadi ileile, na kwa kile kilichokosekana ikaenda kusoma mahali katika kumbukumbu ya kompyuta pasipokuwa na kitu. Kurekebisha kulihitaji mistari miwili ya msimbo; kusaka ndiko kulikokula siku.

Kugawa huko hakuhitaji ujuzi wa kuandika programu, na msomaji wenu anaweza kukufanya mwenyewe, mradi afanye kwenye nakala ya faili. (Nasisitiza nakala, maana nimeshuhudia mtu akiikatakata hati asilia na kuihifadhi hivyo hivyo.)

Kugawa hakutamfaa ikiwa hati ileile huangusha programu leo na kesho isiiangushe. Hapo ashuku jirani. Ubao wa kunakili ni wa programu zote, na katika Windows haufunguliwi na zaidi ya programu moja kwa wakati mmoja. Programu inayotunza historia ya vilivyonakiliwa, au inayoendesha kompyuta kutoka mbali, ikiwa imeushika hata kwa kitambo kidogo, wengine hukataliwa. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu husubiri na kujaribu tena, ilhali iliyoandikwa haraka haraka huendelea kana kwamba imekubaliwa, na matokeo yake ndiyo hayo anayoyalalamikia. Azifunge hizo jirani moja baada ya nyingine, akijaribu kunakili kila mara.

Akishapata kipande kidogo kinachoangusha programu kila mara, awatumie watengenezaji wake pamoja na namba ya toleo la programu, namba ya toleo la mfumo endeshi, na ripoti ambayo kompyuta huiandika programu inapoanguka. Ajihadhari na ripoti hiyo, kwa sababu ikiwa imebeba kumbukumbu ya programu, huenda imebeba pia nywila aliyoinakili asubuhi. Maneno ya siri yaliyomo katika hati ayabadilishe kwa herufi zozote, kisha ajaribu tena kuhakikisha kwamba kipande bado kinaangusha programu, kwani wakati mwingine kosa huwa katika herufi zenyewe. Naomba ukurasa wenu umfikishie haya kabla hajafuta programu yake tena.

Msomaji wenu, mtayarishaji programu