Kabla hujachoma hiyo sindano

Wete, Pemba

Sahibu yangu Kombo,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, mvua tu ndiyo inayotukera.

Ujumbe wako nimeusoma, kwamba jamaa wa jimu kakwambia sindano za homoni ya ukuaji hupunguza kitambi, nawe wataka kuzinunua. Wauliza homoni ya ukuaji ina kazi gani kwa mtu wa miaka 45 ambaye kimo kilishakoma zamani. Kazi inayo, tena kubwa. Hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na nyingi humwagika katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Kwa mtu mzima yenyewe huamua mwili ule akiba ipi. Huyatoa mafuta yaliyohifadhiwa, hasa ya tumboni, yaingie kwenye damu yatumike, huilinda misuli, na papo hapo huizuia insulini isifanye kazi yake sawasawa, sukari ikapanda. Mtu akikaa na njaa muda mrefu, homoni hii huongezeka, ili mwili ule mafuta na sukari iliyopo ibakie ya ubongo.

Kwa hiyo huyo jamaa wa jimu kuhusu kitambi hakukudanganya. Mwaka 1990 Daniel Rudman na wenzake kule Marekani walitoa matokeo ya wanaume 12 wa zaidi ya miaka 60 waliochomwa kwa miezi sita: mafuta yalipungua kiasi cha asilimia 14. Wauzaji wanaipenda sana habari hii! Wasichokwambia ni kuwa uzito wa "misuli" unaoongezeka, sehemu yake ni maji tu, na majaribio ya baadaye kwa wazee wenye afya hayakuonyesha nguvu za maana.

Mie kinachonitisha ni sukari. Bernardo Houssay wa Argentina aliwaondoa pituitari mbwa wenye kisukari, na kisukari chao kikapungua makali. Kwa utafiti wake huo alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya 1947. Sasa wewe, mama yako ana kisukari, unataka kujiongezea homoni ya tezi hiyohiyo? Mbali ya hapo kuna kuvimba miguu, maumivu ya viungo na ganzi za vidole. Ikizidi kwa miaka, mikono, nyayo na taya hukua, hata pete haivuliki.

Wapo wanaoihitaji kweli, kama mtu aliyepata uvimbe kwenye tezi yenyewe. Hao daktari huwaanzia kipimo kidogo na kuwafuatilia kwa damu. Kitambi chako, samahani, ni cha chapati.

Kabla hujampa mtu pesa, kapime sukari asubuhi hujala kitu, kisha unipigie. Na muulize muuzaji kichupa alikihifadhi wapi. Dawa hii, aina zake nyingi hutakiwa friji, nyuzi 2 hadi 8, nawe waniambia anatembea nayo mkobani Darajani mchana kutwa.

Mama msalimie. Nimemwekea asali, nitampa mtu wa boti.

Wako,
Faki