Kipa wetu aliyerudi baada ya kiharusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimkumbuke mwenzetu wa timu ya mpira wa magongo, aliyetutoka hivi karibuni. Hakuwahi kulipwa kucheza. Sisi ni timu ya ridhaa, tunajichangia wenyewe, na yeye ndiye aliyeshika daftari la michango.

Alikuwa kiungo, tena kiungo hodari, mpaka kiharusi kilipomlegeza upande wa kushoto. Asiyeucheza mchezo huu huenda asione uzito wa pigo hilo. Gongo la hoki hugusa mpira kwa upande wake bapa na kingo zake, si kwa mgongo wake wa mviringo, na kanuni haziruhusu gongo la watumiao shoto. Mkono wa kushoto hushika juu, na ndio unaoligeuza gongo. Wa kulia uko chini, unasukuma. Kiungo aliyepoteza nguvu za mkono wa kushoto hawezi kuuchezesha mpira huku na huku.

Alianza upya kwa kuminya mpira wa tenisi, ameketi kando ya uwanja sisi tukifanya mazoezi. Vidole vilikataa kwa muda mrefu. Tukimwambia akapumzike, anajibu kwamba kupumzika ndiko kunakomchosha.

Wazo la kukaa golini lilikuwa lake. Kipa hushika gongo kwa mkono wa kulia. Wa kushoto huvaa kinga pana ya kuzuia tu, haukamati kitu. Akaishonea kinga yake mkanda ili isimvuke, tukamfunga pedi, akasimama kwenye lango lenye upana wa mita 3.66. Kwenye kona fupi, yaani pigo la adhabu linaloanzia mstari wa goli, walinzi hawazidi watano, kipa akiwa mmojawao, na mpira ule ni mgumu kama jiwe. Yeye alitupanga kwa sauti iliyokuwa nayo ikirudi polepole, neno mojamoja: "Kulia! Toka! Sasa!" Akifungwa, hakumlaumu beki hata siku moja. Jambo hilo nalipenda kuliko mipira yote aliyookoa.

Mhariri, kupitia gazeti lako nawaomba viongozi wa timu ndogondogo wasifute jina la mchezaji anapougua. La kwake lilibaki kwenye orodha yetu hata alipokuwa hawezi kutembea, na mwenyewe aliniambia ndilo lililomtoa kitandani. Halina gharama. Mwacheni kwenye kundi la simu, mwiteni mazoezini, hata kama anakuja kuketi tu.

Mchezaji mwenzake