Barua ya wazi kwa Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF): kabla ya ukomo wa mishahara, tuone kwanza hesabu

Mheshimiwa Rais,

Kila dirisha la usajili likifungwa, hoja ile ile hurudi: Simba na Yanga zinavuta wachezaji kwa dau ambalo klabu nyingine haziwezi hata kulisogelea, basi uwekwe ukomo wa mishahara, yaani kiasi ambacho klabu haitaruhusiwa kukizidisha katika kulipa wachezaji wake, ili ligi isawazike. Hoja ina msingi. Tangu Azam FC wachukue ubingwa msimu wa 2013/14, hadi msimu wa 2024/25 kombe la Ligi Kuu halikutoka mikononi mwa wakubwa hao wawili. Hata hivyo sisi tunaoandika mikataba ya wachezaji na kupitia hesabu za klabu tunakuomba usikubali kuweka kiasi kimoja cha shilingi kwa klabu zote 16. Kitamuumiza mchezaji, klabu ndogo haitapata kitu, na hakuna atakayeweza kukikagua.

Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani. NBA, ligi ya mpira wa kikapu, ilirudisha ukomo msimu wa 1984/85, dola milioni 3.6 kwa timu. Msimu wa 2024/25 ulikuwa umefika dola milioni 140.6. Kiasi hicho hakiamuliwi na kamishna peke yake ofisini. Hutokana na mapato ya ligi nzima, kwa mkataba ambao wamiliki wameusaini na chama cha wachezaji, na mkataba huo unawahakikishia wachezaji kati ya asilimia 49 na 51 ya mapato hayo. Juu kuna dari, chini kuna sakafu: timu inatakiwa itumie kwenye mishahara angalau asilimia 90 ya ukomo. Mapato yakipanda, dari nayo inapanda. Mwaka 2016, fedha za mkataba mpya wa televisheni zilipoingia, ilitoka dola milioni 70 hadi milioni 94.1 kwa mruko mmoja.

Ondoa sakafu, ondoa na fungu la mapato, kinachobaki ni waajiri kukubaliana kwamba mfanyakazi asilipwe zaidi ya kiasi fulani. Hapo hakuna haki yoyote. Hata kule kwenye mfumo uliojengwa vizuri wapo wanaobeba mzigo kuliko wenzao. Mtanzania Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa 2 na Memphis Grizzlies mwaka 2009, timu za NBA zilipokuwa zikichagua wachezaji wapya kwa zamu, mshahara wake haukutokana na thamani yake sokoni. Ulitoka kwenye jedwali linalofuata nafasi aliyochaguliwa. Chama cha wachezaji kilikubali jedwali hilo kwa sababu kilipata mambo mengine mezani. Mchezaji wetu atapata nini?

Lipo pia jambo ambalo wanaotaka kuiga hulisahau. NBA haina mpinzani. Anayekataa ukomo wake hana ligi nyingine ya kumlipa vile. Mpira wa miguu una milango kila upande: mchezaji wetu akibanwa hapa, Afrika Kusini, Morocco, Algeria na Libya wanamsubiri. Klabu zetu nazo hazichezi zenyewe kwa zenyewe tu. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 na kulikosa kwa sheria ya goli la ugenini mbele ya USM Alger. Simba wakafika fainali hiyo hiyo mwaka 2025 dhidi ya RS Berkane. Ukomo wa shilingi unaozihusu klabu za Tanzania pekee utazipeleka kwenye mechi kama hizo zikiwa zimefungwa mkono mmoja.

England walijaribu njia hiyo. Agosti 2020 klabu za ngazi ya tatu na ya nne zilipiga kura kuweka ukomo wa pauni milioni 2.5 na milioni 1.5 kwa msimu. Chama cha wachezaji, PFA, kilipeleka shauri kwenye usuluhishi, na Februari 2021 jopo likaamua kwamba ligi ilikiuka wajibu wake wa kushauriana na wachezaji. Ukomo ukafutwa msimu ukiwa katikati. Kwa hiyo SPUTANZA, chama cha wachezaji wa mpira Tanzania, waitwe mezani siku ya kwanza, wasiletewe waraka uliokwisha kupigwa muhuri.

Sasa tuje kwenye mkataba wenyewe, maana hapa ndipo ukomo wa kuiga utakapokwama. Chukua mchezaji wa “milioni 3”. Tunaposema milioni 3 tuna maana ya mkononi. Ili apokee 3,000,000, baada ya asilimia 10 yake ya NSSF na kodi ya mshahara ambayo juu ya milioni moja hukatwa asilimia 30, mkataba unatakiwa usomeke takriban 4,489,000. Ongeza asilimia 10 ya mwajiri kwenda NSSF, inakuwa takriban 4,938,000. Alipewa pesa ya usajili milioni 60 kwa miaka miwili: gawa kwa miezi 24, hiyo ni milioni 2.5 kila mwezi, na kodi yake bado hatujaigusa. Nyumba ya laki tano. Mchezaji wa milioni 3 anaigharimu klabu karibu milioni 7.94 kwa mwezi, kabla ya bonasi za ushindi, tiketi za ndege na malipo ya wakala.

Ukomo utahesabu kipi katika hivyo? Ukihesabu mshahara peke yake, klabu itaandika mshahara wa milioni moja na kuhamishia zilizobaki kwenye pesa ya usajili. Mchezaji ndiye atakayeumia. Akivunjiwa mkataba, mishahara iliyobaki inayodaiwa itapigwa kwa ile milioni moja, na michango yake ya NSSF itakuwa imekwenda kwa kiwango hicho hicho. Ukihesabu vyote, patazuka karatasi ya pembeni: mkataba mmoja wa kusajiliwa TFF, mwingine kwenye droo ya tajiri. Hili si la kudhania. Melbourne Storm, timu ya raga ya Australia, ilipokonywa mataji ya 2007 na 2009 baada ya kugundulika mwaka 2010 kwamba ilikuwa na mikataba ya aina mbili. Ligi ile ilikuwa na wakaguzi wa kazi hiyo, na bado udanganyifu ulidumu miaka kadhaa. Kwetu kuna timu za vyombo vya ulinzi na usalama kama JKT Tanzania na Tanzania Prisons. Mchezaji aliyeajiriwa kama askari, mshahara wake unaotoka kwenye chombo chake uingizwe kwenye ukomo wa klabu au usiingizwe? Swali hilo peke yake linatosha kuzalisha rufaa za msimu mzima.

Tunachopendekeza ni uwiano badala ya kiasi. UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, ilianza na asilimia 90 ya mapato ya klabu, ikashuka hadi 80, na kuanzia msimu wa 2025/26 ni asilimia 70 kwa mishahara, gharama za usajili na mawakala kwa pamoja. TFF inaweza kushuka kwa ngazi hizo hizo kwa misimu mitatu kupitia leseni ya klabu, ambayo tayari ina kigezo cha fedha. Fedha ya mfadhili ikubaliwe, ila iwe imeshaingia benki au imewekewa dhamana ya kulipa mkataba hadi siku ya mwisho, siyo ahadi ya mdomo. Tajiri akinuna mwezi wa tatu, mchezaji asikose kodi ya nyumba.

Tuseme ukweli: uwiano hautaipunguza Simba wala Yanga. Asilimia 70 ya mapato makubwa ni fedha kubwa. Pengo lenyewe liko kwenye mapato, na dawa yake ni mgawo wa fedha za televisheni. Mkataba wa Azam Media wa mwaka 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Fungu la kugawana sawa kwa sawa likiongezwa, klabu ya mkoani itabakiza mchezaji wake bila kumkata mwenzake mshahara.

Lililo la haraka zaidi ni sakafu. Uwekwe mshahara wa chini wa Ligi Kuu, utakaokubaliwa na SPUTANZA, na kila klabu ipeleke taarifa ya benki ya malipo ya mwezi uliopita kabla ya tarehe 15. Kanuni za FIFA zinampa mchezaji haki ya kuvunja mkataba akidai mishahara ya miezi miwili, baada ya kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15. Klabu hufungiwa kusajili deni likiwa limeshakuwa kesi. Taarifa ya tarehe 15 ingelionyesha deni hilo katika mwezi wake wa kwanza, wakati bado linalipika.

Fomu ya taarifa hiyo haihitaji zaidi ya ukurasa mmoja: namba ya leseni ya mchezaji, kiasi cha mkataba, kiasi kilicholipwa, tarehe, na sahihi ya mchezaji mwenyewe. Tunaomba ianze kutumika dirisha kubwa lijalo la usajili.

Wako katika mpira,

Waandaaji wa mikataba na wahasibu wa klabu