Msichana hana bunduki ya kusalimisha

Ndugu Mhariri,

Kila mnapoandika habari za mazungumzo ya amani ya Kongo, yawe ya Doha au ya Washington, nasoma mambo yale yale: kusitisha mapigano, kubadilishana wafungwa, kuondoa majeshi, madini. Sina ugomvi na hayo. Mimi nauliza habari za wale wasiohesabiwa kuwa wafungwa wala wapiganaji, yaani wasichana waliokamatwa shambani, mtoni au njiani kutoka sokoni huko Kivu na Ituri, mashariki mwa Kongo, wakaishia katika kambi za makundi yenye silaha.

Kazi zao huko zinajulikana. Kubeba risasi na magunia yaliyoporwa, kuteka maji, kupika, kufua, na usiku kukabidhiwa kwa kamanda. Katika baadhi ya makundi ya Maimai, wanamgambo wa kienyeji, wasichana ambao hawajavunja ungo huandaa dawa ya kuzuia risasi na kuwanyunyizia wapiganaji, hivyo hupelekwa hadi kwenye mapigano. Na si wote waliotekwa. Wapo waliokwenda kwa miguu yao baada ya kukosa ada ya shule, au kwa sababu kijiji kimeporwa mara nyingi hata wakaona heri kuwa ndani ya kundi kuliko kuviziwa nje. Hiari ya namna hiyo mimi siihesabu kuwa hiari.

Sasa, wanatokaje? Tangu vita vya 1998 hadi 2003 vilipokwisha, mlango mkuu wa kutokea umekuwa bunduki: unaisalimisha, unaandikishwa, unasaidiwa. Mtoto hapaswi kudaiwa bunduki, lakini anayeamua nani apande gari la Umoja wa Mataifa ni kamanda, naye huwatoa wavulana. Msichana akiulizwa habari zake, jibu ni kwamba huyo ni mke wa fulani, na mazungumzo yanaishia hapo. Watafiti waliokadiria kwamba wasichana ni kama theluthi ya watoto waliomo katika makundi hayo walikuta kwamba miongoni mwa waliotolewa hawafiki hata mmoja kati ya kumi.

Wakati huohuo mkubwa wa makamanda hao hupata cheo. Bosco Ntaganda alikuwa na hati ya kukamatwa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tangu 2006, ikatangazwa hadharani 2008. Mwaka 2009 kundi lake la waasi, CNDP, likaingizwa katika jeshi la Kongo, yeye akawa jenerali, akaishi Goma bila kujificha. Mkataba wa serikali na CNDP wa Machi 23 mwaka ule ndio ulioipa M23, kundi la waasi lililotokana na CNDP, jina lake. Ilipofika 2019 mahakama ile ikamtia hatiani kwa mengi aliyoyafanya Ituri, yakiwemo ubakaji na utumwa wa ngono wa wasichana waliokuwa askari watoto katika kundi lake mwenyewe la wakati huo, UPC. Kiongozi wa UPC, Thomas Lubanga, alikuwa ameshahukumiwa 2012 kwa kuwaingiza watoto vitani, na hati yake ya mashtaka haikuwa na shtaka hata moja la ubakaji, ingawa mashahidi walisimama kizimbani wakayasema.

Nayakumbusha haya kwa sababu nchi yetu haiwezi kujifanya mtazamaji. Februari 8, 2025 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam kwa ajili ya Kongo hiyohiyo, na vijana wetu wamewahi kuvaa sare za kijeshi huko. Sisi wa Kigoma tumeishi na wakimbizi wa Nyarugusu tangu 1996, na mama akivuka ziwa bila binti yake hatuhitaji kuambiwa binti alikobaki.

Naomba wajumbe wetu, kila watakapoitwa mezani, wadai mambo mawili kwa maandishi. La kwanza, wanawake na watoto watoke kambini kabla hakijazungumzwa cheo cha mtu yeyote, na wahudumu wa kike waruhusiwe kuingia kuwahesabu pasipo kamanda kusimama karibu. La pili, asiwepo wa kusamehewa ubakaji kwa kisingizio cha amani.

Kurudi nyumbani nako kuna mzigo wake. Wasichana waliotoka, walipoulizwa wanataka nini, walitaja shule na kukubaliwa na majirani. Wengine walirudi porini kwa sababu wazazi wa rafiki zao waliwakataza mabinti kuongea nao. Kongo ina sheria ya Desemba 2022 ya kuwalinda na kuwafidia waathirika wa ukatili wa kingono wa vitani, na mfuko wake, FONAREV, hupata sehemu ya mrabaha wa madini. Kwa kuwa madini hayakosi kuzungumzwa katika kila kikao, anayeyazungumza aulizwe pia ni ada za wasichana wangapi zimeshalipwa kutoka mfuko huo.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma