Maji ya ziwa hupungua, hayapwi

Mhariri,

Katika makala moja iliyochapishwa gazetini mwenu kuhusu kina cha Ziwa Viktoria, mwandishi amerudia kusema kwamba "maji ya ziwa yamekupwa", akaongeza kwamba hicho ndicho Kiswahili fasaha na kwamba "kupungua" ni neno la sokoni. Naomba nafasi ya kumpinga, kwa sababu tangu Baraza la Mawaziri liridhie mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, wanafunzi wengi hapa Uganda hulichukua gazeti kama kitabu cha kiada.

Kupwa ni jambo la bahari. Kitenzi chenyewe ni -pwa, chenye silabi moja kama -fa na -la, ndiyo maana husemwa "maji yamekupwa" lakini "maji hayapwi", na wanaodhani kwamba ni kutendwa kwa "kupa" wamepotoshwa na umbo lake. Watu wa Lamu, Mombasa na Unguja hawawezi kuishi bila neno hili, kwa kuwa maji yao hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa mvutano wa mwezi na jua. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yanaweza kushuka mita 3 na zaidi, ngalawa zikabaki zimelala ubavu mchangani na kina mama wakaingia na ndoo zao kuokota chaza. Mahali hapo panapoachwa wazi ndipo palipoitwa pwani, yaani -pwa pamoja na -ni ya mahali. Neno lenye asili ya namna hiyo hubeba ahadi ndani yake, kwani maji yaliyokupwa yatajaa tena baada ya saa 6 hivi bila mtu kufanya lolote.

Ziwa letu halina ahadi hiyo. Mvutano wa mwezi huligusa kwa sentimita chache tu, ambazo mvuvi wa mwaloni hazioni. Kati ya mwaka 2003 na 2006 kina chake kilishuka kwa zaidi ya mita 1, kwa sababu ya ukame na kwa sababu maji mengi kuliko ilivyokubaliwa yalifunguliwa kupitia mabwawa ya Nalubaale na Kiira pale Jinja. Kuyaita mabadiliko hayo kupwa ni kuuficha mkono wa binadamu. Maji yale yalipungua, na kwa sehemu yalipunguzwa. Kitenzi kimoja kimetupa kauli zote mbili, na mwandishi wa habari za mazingira anazihitaji zote mbili.

Ama kuhusu hilo la "neno la sokoni", ni kweli kwamba mnunuzi husema "nipunguzie" na muuzaji akatoa punguzo, lakini daktari naye huandika "upungufu wa damu", na Zaburi ya 23 katika Biblia ya Kiswahili husema "sitapungukiwa na kitu". Mtu aliyepungukiwa na akili huitwa punguani, tusi zito ambalo singependa kulisikia darasani, ingawa linaonyesha jinsi mzizi huu ulivyotanuka. Ni neno la Kibantu, tofauti na "nakisi" ya hotuba za bajeti iliyotoka Kiarabu. Wapo wanaolitoa katika "punga" kwa kufuata mfano wa funga na fungua, lakini -ua ya fungua hutengua kilichofungwa, na sioni kupungua kunatengua nini katika kupunga mkono au kupunga upepo. Kufanana kwa sauti si udugu.

Kwa Waganda wanaojifunza, maana ya kupungua inafikika kwa urahisi kupitia "okukendeera" ya Luganda, ambayo hutumika kwa maji, bei na nguvu vilevile. Kupwa hakuna njia ya mkato ya namna hiyo, na mwanafunzi wa bara lazima aelezwe kwanza habari za bahari. Ningependa aelezwe, tena kwa kirefu, maana bamvua na maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu, ni hazina ya lugha hii.

Kwa hiyo naomba wahariri wenu waandike kwamba maji ya ziwa yamepungua, au kwamba kina chake kimeshuka, na kupwa wakuache kwa habari za bahari.

Mwalimu wa Kiswahili,
Jinja