Barua kwa vijana mliokabidhiwa watu, kutoka kwa mzee aliyekuwa akikimbia mbele

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliopewa watu kwa mara ya kwanza: viranja, wasimamizi wa zamu, manahodha wa timu, na ninyi mlioshonewa V mbili za ukoplo mkononi juzi tu. Nasikia wengi wenu mmeshikwa na mtindo wa kuamka saa 10 alfajiri, mnajipiga picha gizani, mnasema hivi ndivyo wanajeshi wanavyoishi. Sawa. Lakini hata mwizi huamka saa hizo. Mimi nataka niwasimulie yaliyokuwa yakifanyika baada ya kuamka, maana huko ndiko nilikojifunza, tena kwa aibu.

Msidhani alfajiri ilichaguliwa kwa baraka zake. Kuna sababu ya jua: mwili unaokimbia hutoa joto jingi, na jua likishapanda joto hilo linakosa pa kutokea. Kuna sababu ya vita: katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Uingereza walisimama na bunduki mkononi kila siku kabla hakujapambazuka, kwa kuwa saa hiyo ndiyo mashambulizi yalikuwa yakitarajiwa. Na kuna sababu ambayo wakufunzi hawaitangazi. Saa hizo joto la mwili liko chini, akili nzito, na mtu hajapata wasaa wa kujipamba tabia. Unamwona alivyo.

Tulipokuwa makuruta tulikuwa na koplo mmoja. Filimbi ikilia, sisi tunagongana vichwa: huyu anatafuta soksi, yule kavaa buti la mwenzake. Yeye tayari kasimama mlangoni, kanyoa ndevu, kitanda kimenyooka. Tuliamini hakuwa akilala kabisa. Kumbe aliamka nusu saa tu kabla yetu, akamaliza shida zake zote, ili filimbi ikilia asiwe na kamba ya kufunga wala kifungo cha kutafuta. Macho yake yote yalikuwa kwetu. Alijua nani amekesha na homa na nani alilia chini ya blanketi, na hakumtaja mbele za watu.

Nilipopewa seksheni yangu ya watu 10, hilo sikuliiga. Niliiga sauti yake.

Asubuhi ya siku ya tatu nilitoka mbele ya mchakamchaka kama swala, nikiimbisha, nikiona fahari kwamba hakuna wa kunipita. Tukarudi uwanjani, nikaamuru wahesabu namba. Moja, mbili, tatu... ikafika nane, pakawa kimya. Mkufunzi akanisogelea. Hakufoka, na heri angefoka.

"Una watu wangapi?"

"Kumi, afande."

"Wako wapi?"

Nikarudi njia nzima mbio, seksheni yangu ikisubiri imesimama huku wenzao wakinywa chai. Niliwakuta mbali, mmoja kateguka kifundo cha mguu, mwenzake kamshika bega wanajikongoja. Yule wa pili angeweza kukimbia na sisi. Alibaki bila kuambiwa na mtu. Seksheni ile asubuhi ile iliongozwa na yeye, mimi nilikuwa mwanariadha tu mwenye V mbili.

Tangu hapo nilikimbia nyuma. Ukiwa nyuma unaona visigino, na visigino havisemi uongo: anayechechemea, anayekanyaga kwa upande, anayepepesuka. Hapo kwa kupepesuka sikilizeni vizuri. Kuruta akianza kuyumba na kuongea maneno yasiyoeleweka katikati ya mazoezi, mdomo wa kiongozi mchanga hukimbilia kusema "huyo anatega", yaani anakwepa kazi. Huenda joto limempanda kichwani, na joto la namna hiyo huua hata kijana mwenye afya. Simamisha mbio, mpeleke kivulini, mmwagie maji baridi mwili mzima papo hapo huku tabibu akiitwa. Mambo ya kutega mtayazungumza kesho.

Kuhusu miguu nina neno jingine. Katika mahandaki yale yale niliyoyataja, baridi na tope viliozesha nyayo za maelfu ya askari. Dawa iliyosaidia ilikuwa ya kawaida kabisa: kukausha miguu, kubadili soksi, kupaka mafuta, na maofisa wakawajibishwa kukagua miguu ya watu wao. Hebu fikirini, ofisa mzima kainama anatazama vidole vya askari. Wapo wanaoona kazi hiyo inawashushia hadhi. Hao msiwape watu.

Na usingizi. Anayeitisha kikao hadi usiku wa manane kisha akataka watu saa 10 na nusu alfajiri anawaibia, hata akiita nidhamu. Ujana wenyewe huchelewesha usingizi; si uvivu, ni saa ya mwili. Katika kituo cha Great Lakes, wanakofunzwa makuruta wa jeshi la majini la Marekani, muda wa kulala uliongezwa kutoka jumla ya saa 6 kwa usiku hadi jumla ya saa 8, na alama zao za mitihani zikapanda. Mkitaka alfajiri ya watu, walindieni usiku wao.

Sitawadanganya kwamba yote tuliyofanyiwa yalikuwa mafunzo. Mengine yalikuwa ukatili wa mtu aliyeamka vibaya, na sisi tukayageuza hadithi za kuchekesha kwa kuwa tulitoka salama. Msiyarithi hayo kwa kisingizio kwamba yalitukomaza. Koplo wangu hakumtukana mtu hata siku moja, na hakuna kitanda kilichonyooka kuliko vya kwetu.

Basi kesho, kabla hamjapiga filimbi, fungeni kwanza kamba za mabuti yenu. Halafu hesabuni watu, na mkirudi hesabuni tena.

Mimi mzee wenu,
koplo mstaafu